Bi Mkubwa Amegoma Kulala

Mdomo huponza kichwa, na safari hii kilichoponzwa ni kichwa cha Nesi, tena na mdomo wake mwenyewe.

Kila jioni, kabla hajavua aproni, alikuwa akisimama kwenye mlango wa sebule na kumpa Bosi habari za mama yake. Mama amemaliza uji wote. Mama amemeza dawa zote. Mama amelala tangu baada ya chakula cha mchana mpaka jua lilipopoa, na kalala vizuri, hakushtuka hata mara moja. Hayo ya kulala aliyasema kwa majigambo kidogo, maana mgonjwa wa kiharusi kupata usingizi wa namna ile si jambo linalojileta. Kuna mtu amempangia mito. Kuna mtu amemgeuza. Kuna mtu amekaa kwenye kiti kigumu anasikiliza koo la bibi wa watu, likikwama kidogo tu, huyo kashainuka. Nesi alidhani anatoa taarifa ya kazi. Kumbe mwenzake alikuwa anapiga hesabu.

Nesi halikuwa jina lake, ila hata watoto wa mtaa walimwita hivyo. Aliwahi kuwa na mwajiri. Alifanya kazi wodini miaka na miaka, hospitali ikapunguza watu, naye akapunguzwa. Tangu hapo akawa anahudumia wagonjwa majumbani mwao. Hana mkuu wa kazi, hana likizo, akiumwa hali. Anatoza kwa saa. Nyumbani kwa Bosi aliingia tangu Bi Mkubwa alipopooza upande wa kulia, na mapatano yalikuwa ya mdomo tu: aje asubuhi, aondoke jioni, usiku mke wa Bosi amwangalie mama, saa zihesabiwe, Jumamosi alipwe. Miezi ikapita, hakuna aliyemnunia mwenzake. Kisha ikaja Jumamosi moja, akapokea bahasha, akaihisi nyepesi hata kabla hajaifungua.

"Kaka, hii mbona imepungua?"

"Haijapungua," Bosi alisema. "Nimetoa mapumziko."

"Mapumziko ya nani?"

"Yako." Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Alikuwa na duka kubwa la saruji na mabati, na mazoea yake ya dukani alikuja nayo mpaka kwenye kochi. "Si wewe mwenyewe unayeniambia kila jioni? Mama amelala mchana kutwa. Sasa mama akilala, wewe unafanya nini?"

"Nafanya kazi."

"Kazi gani, na mgonjwa amelala?"

Nesi alivuta pumzi. Alijua kumweleza mtu mambo ya mama yake mzazi kunataka ulimi wa asali. "Kaka, mama akilala ndipo anaponitia hofu. Koo lake halimezi sawasawa. Mate yanajaa mdomoni, akibaki chali yanashuka njia isiyo yake. Tena lazima nimgeuze, la sivyo mgongo utaota vidonda. Namsikiliza anavyopumua. Siwezi hata kutoka kwenda kununua vocha hapo nje."

"Lakini umekaa."

"Nimekaa, ndiyo."

"Basi. Vibarua wangu wakikaa kula, muda ule hauhesabiwi, na wala hawanuni."

"Vibarua wako wakila, mifuko ya saruji haipaliwi na mate!"

Kicheko kikatoka jikoni. Alikuwa ni Mama Pacha, mke wa Bosi, ambaye masikio yake hayakuwahi kukosa mazungumzo katika nyumba ile. Bosi hakucheka. Aliiweka simu mezani.

"Sikiliza, Nesi. Wewe si mwajiriwa wangu. Ungekuwa mwajiriwa ningekupa mshahara wako wa mwezi, ulale usilale. Wewe ndiye uliyesema unataka kwa saa. Haya, kwa saa ndiko huku. Saa ya kazi nalipa, saa ya kupumzika ni yako."

Hivi, watu wana maradhi gani na mtu aliyekaa? Mlinzi akikaa getini, hana kazi. Dereva akikaa anamsubiri mwenye gari, hana kazi. Mpaka siku mwizi aingie, au mwenye gari atoke akute hakuna dereva, ndipo utasikia watu wanashika kichwa wanauliza alikuwa wapi! Nesi alitaka kuyasema hayo yote, na mengine makali zaidi, lakini aliyameza. Kodi ya chumba chake ilikuwa inasubiri bahasha ile ile nyembamba. Alivua aproni, akaikunja, akaaga. Njia nzima alikuwa anajijibisha mwenyewe, mpaka muuza magazeti akamwuliza kama anaongea naye.

Jumatatu alirudi, kwa sababu mgonjwa ni mgonjwa. Alimwogesha Bi Mkubwa, akamlisha, akampangia mito, akavuta pazia la dirisha.

"Lifungue hilo," alisema Bi Mkubwa.

Maneno yake yalitoka yamepinda kidogo, upande mmoja wa mdomo ukiwa umelegea, lakini Nesi alishayazoea. Ulimi ulikuwa umepooza nusu. Ukali wake haukupooza hata robo.

"Bi Mkubwa, sasa ni muda wa kulala."

"Nani kakwambia nina usingizi? Lete redio."

Nesi akaleta redio. Wakasikiliza matangazo ya vifo, wakasikiliza bei za mazao, wakasikiliza mtu mmoja anayeuza dawa inayotibu kila kitu. Bi Mkubwa akamtukana yule muuza dawa. Kisha akataka kusukwa nywele. Kisha akataka kusuguliwa miguu. Kisha akataka kujua Nesi aliachana vipi na mume wake, na alipoambiwa, akataka aambiwe tena tangu mwanzo kwa sababu kuna mahali hakuelewa. Jioni ikafika, hajafumba jicho.

Jumanne ikawa vile vile. Nesi akajaribu maziwa ya uvuguvugu, akajaribu kumkanda mgongo, akajaribu kunyamaza kimya kabisa ili kimya chenyewe kimbembeleze. Wapi! Kope zikiteremka, bibi anazipandisha. Kichwa kikiinama, anakiinua kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu anaingia. Nesi akajiambia labda ni dawa mpya. Akampigia daktari, daktari akasema dawa ile haina shida hiyo.

Jumatano asubuhi, wakati wa kumwogesha, aliona alama kwenye paja la kushoto. Alama nyekundu, nyingine zimeanza kuwa nyeusi, zimepangana pale ambapo mkono mzima unafika. Nesi aliacha kusugua. Amehudumia wazee wengi, na alikwisha kuona nyumba ambazo mzee hufinywa na watu wake mwenyewe.

"Nani kakufinya?"

"Hakuna."

"Bi Mkubwa, usinifiche. Niambie ni nani, mimi nitajua la kufanya."

"Utamfanya nini?" Bi Mkubwa alicheka kwa upande mmoja. "Ni mimi mwenyewe. Usingizi ukija najifinya, na usiku hauji kwa mawazo."

Nesi alibaki ameshika taulo. "Kwa nini?"

"Si nikilala unakatwa? Kuta za nyumba hii ni karatasi, na mwanangu tangu azaliwe hajui kusema taratibu. Nilisikia yote, mpaka habari za mifuko ya saruji." Alitulia akatafuta pumzi. "Mimi nilikuwa na mgahawa, unajua hilo? Niliwalisha watu na nikawasomesha watoto kwa mgahawa ule. Mpishi wangu akibandika maharage, anakaa kwenye stuli. Nimkate? Si anayangoja? Aondoke basi, uone kama hayataungua! Sasa leo mimi ndiyo maharage, halafu mwanangu anamkata mpishi. Sitaki. Silali."

Jamani, Nesi alilia. Alilia huku amemkasirikia bibi, amemkasirikia mwana wa bibi, amejikasirikia yeye na mdomo wake wa kutangaza usingizi wa watu kila jioni. Mtu amepooza nusu ya mwili, na ile nusu aliyobakiwa nayo anaifinya kwa ajili ya bahasha ya mtu mwingine! Alimwomba alale. Alimwambia hizo pesa si kitu. Bi Mkubwa akamwuliza kama si kitu, mbona Jumamosi sauti yake ilifika mpaka chumbani.

Siku ile mchana kipimo cha presha kilipanda kuliko kilivyowahi kupanda tangu aanze kazi pale. Jioni, kijiko cha tatu cha uji, Bi Mkubwa akapaliwa, kwa sababu mtu aliyechoka hamezi vizuri. Nesi alimwinamisha, akampiga mgongoni mpaka uji ukatoka puani. Bibi alikuwa amelegea mikononi mwake, macho mekundu, na bado anasema, "Silali."

Bosi aliporudi, Nesi hakusimama mlangoni. Aliingia mpaka katikati ya sebule.

"Kaka, mama halali, usiku wala mchana. Siku ya tatu leo. Presha imepanda, na jioni hii kapaliwa na uji."

Bosi alisimama. Na lazima isemwe, alimpenda mama yake, hilo hakuna wa kumnyang'anya. "Umempigia daktari?"

"Nimempigia. Haumwi kitu kipya. Hataki kulala kwa sababu alisikia unanikata akilala. Amegoma."

"Amefanyaje?"

"Amegoma. Anajifinya paja ili asisinzie."

Mama Pacha naye alikuwa ameshatoka jikoni, amesimama na mwiko mkononi.

"Unataka kuniambia," Bosi alisema polepole, "mwanamke wa umri ule, aliyepooza, amekaa amefikiria peke yake habari ya malipo yako, akaamua kugoma?"

"Ndiyo."

"Nani aliyemfundisha?"

"Kaka..."

"Nani aliyemfundisha, Nesi? Unakaa naye kutwa nzima mlango umefungwa. Jumamosi nimekukatalia, Jumatatu mama hataki kulala. Unaniona mimi mtoto? Unamtumia mama yangu kama ngao!"

Maneno yale yalimkata maini. Angeambiwa mvivu, angevumilia. Angeambiwa mchoyo, mwizi wa sukari, mpiga umbea, angejitetea. Lakini kuambiwa amemwekea mgonjwa wake kitanzi ili apate hela, baada ya kumpangusa na kumwogesha miezi yote ile!

"Mume wangu, hebu nenda ukaone hilo paja," Mama Pacha alisema.

"Wewe nyamaza. Mnajua dawa peke yake zinanigharimu nini? Nepi je? Nina ndugu watano. Wote watano wananitumia pole kwenye simu, na vile vimikono vya kuomba dua. Pole hainunui nepi! Kila mtu katika nyumba hii anajua kunidai mimi tu." Akaketi, akajifuta uso. "Mama atalala akichoka."

Yamkini alikuwa na mzigo, na mzigo wa mtu usipimwe kwa mkono. Lakini kwa nini mzigo ushushwe kwenye mgongo wa yule asiye na wa kumshushia? Nesi alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Usiku mzima, kichwani mwake, alikuwa ameshaacha kazi. Kulikuwa na mzee mmoja tajiri aliyevunjika mguu, anamtaka akamhudumie tangu mwezi uliopita, mgonjwa mwepesi ambaye hata akipaliwa anakohoa mwenyewe. Alipanga maneno ya kumwambia Bosi, akayapanga vizuri, yakawa makali na ya heshima. Asubuhi ilipofika miguu ikampeleka kule kule, akiilaani.

Alimkuta Bi Mkubwa yuko macho, lakini macho hayamfuati mtu vizuri. Nesi akafunga mlango, akakaa kitandani, akaushika ule mkono mzima.

"Bi Mkubwa, tumeshinda."

"Nini?"

"Mwanao amekubali. Jana usiku tuliongea. Atalipa saa zote, uwe macho, uwe umelala."

"Kakubali? Yule? Mkono wake wa birika ule?"

"Kakubali."

"Kweli?"

"Kweli tupu."

Bi Mkubwa alimkazia macho, akitafuta uongo usoni mwake. Nesi alikuwa amewadanganya wagonjwa mara nyingi wodini, sindano haiumi, daktari anakuja sasa hivi, na uso wake ulijua kazi hiyo. Bibi akashusha pumzi ndefu. Hata mto wa pili haujawekwa sawa, alikuwa ameshalala, mdomo wazi.

Alilala asubuhi ile, akalala na mchana, akaamshwa kula na kumeza dawa, akalala tena. Nesi alikaa kwenye kile kiti kigumu. Alimgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akampangusa mate, akasikiliza koo. Saa zote zile hakuna aliyekuwa anamlipa, na alizihesabu moja moja kwa uchungu, kwa sababu moyo wa mtu si wa malaika. Presha ilishuka. Alifurahi iliposhuka, na furaha yenyewe ikamuudhi. Bosi alipata anachotaka: mama amelala, na bahasha imebaki nyembamba.

Na jioni, alipoulizwa mama ameshindaje, alijibu tu, "Amelala." Bosi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo. "Si nilikwambia? Akichoka atalala."

Jumamosi Bosi aliingia mwenyewe chumbani kwa mama yake na bahasha mkononi. Alikuwa amevaa vizuri, anamuwahi mteja mmoja mkubwa wa mabati, na funguo za gari zilikuwa zinacheza kidoleni. Nesi alikuwa anakunja shuka.

"Mama, umeamkaje?"

"Njoo hapa," alisema Bi Mkubwa. "Inama."

Bosi akainama. Bi Mkubwa akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa cha mwanawe, na kwa maneno yake yaliyopinda, moja moja, akambariki. Alisema amesikia alilofanya kwa Nesi. Alisema alikuwa ameanza kuogopa, akijiuliza usiku kama alizaa mtu au alizaa sanduku la pesa, lakini sasa moyo wake umetulia. Mungu amzidishie. Asikose mtu wa kumgeuza siku yake ikifika. "Nilijua sikuzaa bahili," alimalizia, na machozi yakamtoka jicho moja, lile lililobaki linatii.

Uso wa Bosi ulikuwa umeinama, lakini Nesi aliona shingo yake inavyobadilika rangi. Alingoja aseme kitu. Bosi alipokea baraka yote, mpaka tone la mwisho, akasema, "Asante, mama."

Kwenye ukumbi mwembamba wa nje alimgeukia Nesi kwa sauti ya chini.

"Umemdanganya mama yangu."

"Ndiyo."

"Umemwambia nimekubali jambo ambalo sikulikubali."

"Ndiyo, kaka. Alikuwa anakufa kwa kukosa usingizi."

"Sitalipa kwa sababu ya uongo wako."

"Sijakudai." Sauti ya Nesi ilikuwa inapanda, akaiacha ipande. "Sijakudai hata senti! Ulichokipokea mle ndani si changu, ni chako. Kama ni uongo, rudi kamwambie. Mwambie, mama, hiyo baraka umeikosea mtu, mimi sijakubali kitu. Nenda!"

Bosi alisimama. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kiburi na hakupenda kuonekana anaogopa, akafungua mlango akaingia. Alitoka mara moja.

"Amelala."

"Amelala?" Nesi alifungua kamba za aproni yake. Fundo likamkatalia, akalivuta kwa nguvu mpaka likaachia. "Basi kaa umngoje aamke, ukamwambie. Mimi niko mapumziko."

"Nini?"

"Mapumziko. Si mama amelala? Si ndiyo saa yangu mwenyewe, usiyoilipa? Miezi yote hii hujawahi kunilipa... hapana, ulinilipa, ila wiki mbili hizi umesema ni yangu. Haya, naichukua." Akamtundikia aproni begani. "Kiti kiko pale."

"Nesi, mimi nina mteja ananisubiri!"

Alishatoka. Alipita jikoni, Mama Pacha akampisha bila neno, akatoka mlango wa nyuma. Na unadhani alikwenda wapi? Hakwenda popote. Alikwenda mpaka chini ya dirisha la chumba cha Bi Mkubwa, akasimama na mgongo ukutani, masikio juu, akijitukana. Maana hiyo ndiyo ilikuwa shida yake kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyomtia hasira zaidi kuliko hata Bosi: hata mapumziko aliyoyanyakua kwa mkono wake mwenyewe alishindwa kupumzika.

Alisikia kiti kikilia Bosi alipokaa. Alisikia simu yake ikiita, akiipokea kwa kunong'ona, "Nakuja, nakuja, nipe dakika kidogo." Alisikia anainuka, anakwenda mlangoni, anarudi. Kisha akasikia lile koo.

Lilianza kama kawaida, mlio mdogo wa maji. Geuza, Nesi alisema moyoni. Mgeuze. Mlio ukawa mzito. Kisha ukakatika, na huko ndiko kubaya.

"Nesi!" Bosi alipiga ukelele. "Nesi! Mama! Nesi!"

Nesi hakuzunguka mlangoni. Aliingia kwa dirisha, mtu mzima na kanga yake, akaangusha redio, akamsukuma Bosi pembeni. Mkono chini ya bega, mwingine kwenye nyonga, akamlaza ubavu, akafungua mdomo, akapangusa kwa kitambaa, akainua kichwa. Bi Mkubwa akakohoa, akavuta pumzi, akakoroma kidogo. Hata hakuamka.

Bosi alikuwa amebandikwa ukutani. Jasho lilikuwa limemlowesha lile shati la kumuwahi mteja.

"Huwa... huwa anafanya hivi?"

"Kila akilala."

"Kila siku?"

"Kaka, nilikwambia! Nilisimama mbele yako nikakwambia kwa Kiswahili!" Nesi alitamani kumpiga na mto. "Ulitaka nikwambie kwa lugha gani?"

Simu ya Bosi ikaanza kuita tena. Aliitazama, akaizima. Akachukua ile aproni iliyoanguka sakafuni, akataka kumrudishia.

"Hapana," alisema Nesi. "Bado mama amelala. Njoo hapa. Weka mkono wako hapa, chini ya shavu. Ukisikia maji, mwinamishe zaidi na umpanguse. Ukisikia kimya, niite." Akahakikisha mkono umekaa panapotakiwa. Kisha akatoka tena, safari hii kwa mlango kama watu.

Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, hatua chache kutoka kwenye lile dirisha. Mama Pacha akamletea kikombe cha chai na mkate, akamwambia, "Kunywa, dada. Leo duka lifungwe." Akaenda zake akicheka peke yake. Nesi akanyoosha miguu. Alikunywa chai polepole, na kila alipotaka kuinuka, alisikia Bosi ndani akisema taratibu, "Sawa, mama. Sawa. Niko hapa," na kitambaa kikipangusa.

Jua lilikuwa limeshasogea mpaka kwenye ngazi aliposikia sauti iliyopinda.

"We ni nani? Nesi yuko wapi?"

"Ni mimi, mama. Nesi yuko mapumziko."

"Mapumziko?" Bi Mkubwa alifikiri. "Na hayo unamlipa?"

Nesi alikishika kikombe kwa mikono miwili. Sasa Bosi kapata nafasi yake, aliwaza. Mama yuko macho. Aseme ukweli wake.

"Namlipa, mama," Bosi alisema. "Na haya namlipa. Na yale niliyomkata wiki ile, namrudishia leo."

"Ulimkata? Mbona nimeambiwa ulikubali?"

"Sikukubali, mama. Alikudanganya ili ulale."

"Basi ile baraka," Bi Mkubwa alisema, "nilimpa asiyehusika."

"Ndiyo, mama."

"Mwache kwanza amalize chai yake. Kisha umwite aje ainame."

Nesi alikunja magoti akaficha uso wake hapo. Hasira haikuwa imemwisha, la, ilikuwa palepale kifuani, maana neno lile lile lingesemwa wiki iliyopita, bibi wa watu asingejifinya. Lakini hakuinuka. Bosi alimwita mara ya kwanza, akamwita na ya pili, naye akajibu kwa sauti kutoka pale ngazini kwamba bado hajamaliza.